Nilitaka togwa ya bibi initulize tumbo nikimbie, ikalipuka katikati ya jumuiya

Wakuu, wanaostahili shikamoo naomba mpokee, wenzangu mambo vipi.

Huwa nasoma tu nyuzi za watu humu na kuondoka kimya kimya. Leo nimejipa moyo. Ninayoyaandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kama kuna chachu humu ndani basi ni ile ya kwenye dumu.

Mimi ni binti, niko kidato cha tatu, nasoma Same mjini na ninaishi kwa shangazi. Kuongea mbele ya watu siwezi. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii vizuri.

Kitu pekee ninachokiweza bila kuongea ni kukimbia.

Sasa shida yangu ilikuwa tumbo.

Nilianza kufuata diet za wakimbiaji za mtandaoni. Asubuhi mayai na maziwa freshi, mchana bakuli la maharage bila ugali, eti protini. Wakuu, lile tumbo lilijaa gesi mpaka likawa linanguruma kwenye kipindi cha fizikia. Darasa zima kimya, mwalimu anachora saketi ubaoni, halafu tumbo langu linachangia mada.

Uwanjani ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mizunguko ya kwanza naenda vizuri, halafu kichomi kinanikamata ubavuni, nasimama.

Mwalimu wa michezo, tunamwita Madam, akanivumilia mwanzoni. Baadaye akanivuta pembeni.

"Binti, mbio unazo. Lakini Jumamosi nachagua wawili wa kwenda mashindano ya wilaya. Ukisimama tena kushika mbavu kama mama mjamzito, nafasi nampa mwingine. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa tu. Ndiyo lugha yangu.

Wikiendi kabla ya hiyo Jumamosi nilipanda milimani Vudee kwa bibi. Wanaoijua Vudee wanaelewa, huku Same unatoka jasho umekaa, kule juu unatafuta sweta saa nane mchana.

Nilimwambia bibi kuhusu tumbo. Kwa bibi naongea, sijui kwa nini. Akacheka sana.

"Maharage matupu na maziwa mabichi, halafu unakimbia? Hata ng'ombe akishakula analala chini kwanza, mjukuu wangu."

Akanimiminia togwa kwenye kikombe cha bati. Ilikuwa nzito kidogo, tamu halafu chachu kwa nyuma. Nikanywa asubuhi zote mbili nilipotoka kukimbia kwenye ile barabara ya juu, na chakula kikawa makande ya kawaida ya nyumbani. Tumbo likatulia. Si kwamba lilipona kimiujiza, lilinyamaza tu. Mimi kimya nakipenda.

(Kwenye biolojia tumesoma kuhusu bakteria wazuri wa tumboni, wale wanaopatikana kwenye vitu vilivyochacha kama mtindi. Nilikuwa nakariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe nilikuwa nao kwenye kikombe.)

Nikamwomba bibi anifundishe. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, unakorogea unga wa kimea cha ulezi, na togwa kidogo ya zamani ya kuanzishia. Unafunika.

"Halafu uache siku mbili," bibi akasema. "Usichungulie-chungulie. Haipendi kusumbuliwa."

Akanifungia kimea kwenye mfuko, na togwa ya kuanzishia kwenye chupa ndogo. Nikashuka Same nimeikumbatia kama mtoto.

Jumanne jioni shangazi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikapika uji wangu. Nikaumimina kwenye dumu la mafuta ya kula lililooshwa, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili lisiingie vumbi. Nikaliweka chumbani kwangu, ukutani upande wa jua. Sikumwambia shangazi kwa sababu nilitaka kwanza nione kama itatoka vizuri.

Sikuchungulia, nilimtii bibi.

Alhamisi jioni sala za jumuiya zilikuwa nyumbani kwetu. Sebule imejaa, mimi niko kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuna mtu atakayeniambia nisome somo. Chumba changu kinatenganishwa na sebule kwa pazia.

Mzee Mbwambo, ambaye ndiye huwa anaongoza, alikuwa amefumba macho anaombea wagonjwa.

Nikasikia tssssss.

Nikafikiri ni nyoka, nikakunja miguu. Halafu PAA!

Kifuniko kiligonga bati la juu kikarudi chini. Mama mmoja akapiga kelele "Yesu wangu!" Mtoto akaanza kulia. Chini ya pazia likaanza kutoka povu, taratibu, linakuja kwenye mkeka wa watu. Na harufu, wakuu. Haikuwa harufu ya togwa tena.

Mzee Mbwambo akafumbua jicho moja, akavuta pumzi.

"Hii harufu," akasema, "naifahamu tangu kabla sijaokoka."

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi hakucheka.

"Nani anapika pombe ndani ya nyumba yangu?"

Nyumba hiyo tunaishi wawili tu, mimi na yeye.

"Ndiyo kukimbia kwenyewe huku? Ndiyo mnayofundishana huko uwanjani? Basi Jumamosi huendi popote. Nitampigia huyo Madam wako mwenyewe."

Hapo nikaona nafasi yangu inaondoka na lile povu.

Kwa kawaida ningeinamisha kichwa, nikachukua tambara nikafuta, halafu nikalia nikiwa peke yangu. Lakini nikajikuta nimesimama. Nikasema:

"Shangazi, si pombe. Ni togwa ya bibi. Ni kwa ajili ya tumbo langu, linaniuma nikikimbia. Bibi alisema siku mbili, nami nimeacha siku mbili."

Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mama Elia, jirani yetu ambaye kwao ni Kihurio, akajipiga paja.

"Siku mbili! Same hii hii? Na kifuniko umekaza? Mwanangu, ulikuwa unatega bomu. Sisi watu wa bondeni ni usiku mmoja tu, asubuhi unakunywa."

Shangazi akawa bado hajaridhika. Akampigia bibi pale pale, akaweka sauti ya nje, jumuiya nzima inasikiliza.

"Shikamoo mama. Hivi umemfundisha huyu mtoto kutengeneza nini?"

"Marahaba. Si togwa?"

"Siku mbili?"

Tukasikia kicheko cha bibi.

"Jamani! Mimi huku nimelala na blanketi mbili. Nimesahau kwamba nyie mnaishi jikoni."

Hapo hata shangazi alishindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, halafu akanirushia tambara. "Futa. Na kesho unapika mbele yangu, kifuniko ukilegeze."

Ijumaa asubuhi kabla ya shule tulipika, kimea kilikuwa kimebaki, na Mama Elia akatuletea togwa yake ya kuanzishia. Jioni ilikuwa tayari inachangamka. Nikanywa kikombe kimoja, nikala wali na mchicha, nikalala.

Jumamosi uwanjani nilikuwa naisubiri ile sehemu yangu ya kichomi kama mtu anayesubiri mbwa kwenye kona anayoijua. Nikafika, nikapita. Mbwa hayupo.

Sikuwa wa kwanza, wakuu. Neema wa kidato cha nne alinizidi mbali tu. Mimi nikawa wa pili, na wanaokwenda ni wawili.

Madam alinitazama akasema, "Leo mikono yako ilikuwa wapi? Sijaiona ubavuni."

Nikamjibu kwa sauti, "Leo haikuwa na kazi, Madam." Alishtuka kuliko nilivyoshtuka mimi.

Sasa nilichojifunza. Sisemi togwa ni dawa. Inawezekana kilichonisaidia ni kuacha maziwa freshi na kile kilima cha maharage, au vyote pamoja. Mwenye tumbo linalouma sana aende hospitali. Ila vya mtandaoni vina wenyewe na mazingira yao. Na hata vya bibi vina milima yake, ukivishusha bondeni uliza watu wa bondeni kwanza. Na kifuniko usikaze, tafadhali.

Kingine, kumbe nikisimama nikasema, watu wanasikia.

Jumuiya imerudi kwetu wiki hii. Mzee Mbwambo alikuwa wa kwanza kufika. Shangazi alimkaribisha togwa, mzee akaionja, akashukuru, halafu akaniinamia akauliza polepole:

"Binti, ile ya siku mbili haikubaki hata kidogo?"

Wakuu wa Hedaru, Makanya, Kihurio na kokote kwenye joto, nyie mnaiacha muda gani? Na wanaofanya mazoezi, mnakunywa kabla au baada? Karibuni, nasoma zote. Na safari hii nitajibu.