Kahawa Huanzia Kulia

Kwa miaka mingi Jumamosi yangu ilikuwa ya watu wengine. Nilikuwa mpishi wa mayai katika hoteli moja ya Diani, na wageni wale huamka jua limeshapanda, wakataka mlo ambao si wa asubuhi wala si wa mchana. Saa nne, saa tano, bado nimesimama mbele ya kikaango na mtu aniuliza kama naweza kumtolea kiini. Nikawa najiambia: siku nikistaafu, mlo huo nitaula mimi, nimekaa kitako, na mtu mwingine anihudumie.

Nikastaafu. Mwaka uliofuata mume wangu akafariki. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka, na Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nikaoga, nikavaa buibui langu zuri, nikashika njia ya kahawani, hapo hapo mtaani kwetu Ukunda.

Kahawani kwenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukutani chini ya paa la makuti. Muuzaji hukaa kwenye kigoda akilielekea, na dele, birika lake la shaba lenye makaa chini. Kuna kahawa chungu ya tangawizi, na mwisho wa juma kuna mbaazi za nazi na mahamri, vinavyopikwa na mke wake nyuma ya ukuta. Wanaokaa benchini ni wanaume. Sheria hiyo haikuandikwa popote na kila mtu anaijua. Mwanamke akitaka kahawa hupeleka thamosi, ikajazwa, akaenda kunywa kwake. Thamosi yangu ilikwenda na kurudi miaka thelathini.

Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa na nafasi yake pale, mwisho wa benchi, mkono wa kulia wa muuzaji. Alijivunia nafasi ile kama cheo. Muuzaji huanzia kulia kila mara, kama dini ilivyotufunza, kwa hiyo finjani ya kwanza ilikuwa yake. "Bwana yule hajaanzia kushoto hata siku moja," alikuwa akiniambia. Kisha hucheka peke yake, na nikimwuliza acheka nini, hunipa nusu ya hadithi: nani alicheka mpaka akamwaga kahawa, bila kusema kilichomchekesha. "Iliyobaki ni ya barazani." Nusu zile ziliniuma. Kuna mambo makubwa nimemsamehe upesi kuliko hayo.

Wifi yangu aliniona mlangoni. "Wenda wapi bila thamosi?"

"Kunywa kahawa."

"Watu watasema."

"Na waseme. Kahawa i papo hapo, makoo hayatawakauka."

Nilifika benchi bado tupu, nikakaa mwisho wa kulia. Makusudi. Sitajifanya kwamba sikujua ninalolifanya.

"Shemeji," muuzaji akasema, "thamosi iko wapi nikujazie?"

"Leo sikuja nayo. Nitanywea hapa."

Akayachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Wanaume wakaja mmoja mmoja, wakatoa salamu, nikaitikia, wakaketi wameacha pengo la mtu mzima kati yangu na wao. Mkubwa wao, ambaye mtaa mzima humwita Hajji, nilimpa shikamoo yake, naye akanipa pole ya msiba kwa mara ya tatu. Nadhani alikuwa akitafuta la kusema.

Muuzaji akainua dele, na hapo ndipo mtihani wake ulipoanza. Kulia kwake nilikuwa mimi. Akamimina, akasita, kisha akageuka akampa finjani yule wa mwisho upande wa kushoto.

Yule bwana hakuipokea. "Mbona leo waanza na mimi?"

Akampelekea aliyefuata, naye akamtazama Hajji. Hajji akatikisa kichwa. "Umri huu wote sijanywa kahawa iliyoanzia kushoto, wala sitaanza leo."

"Basi mwambie shemeji asogee upande wa kushoto," muuzaji akasema.

Hajji akanigeukia kwa upole. "Mamangu, huku kuna kivuli kizuri zaidi."

"Ahsante, Hajji. Jua la huku halinidhuru."

Sikuondoka. Nilikwisha kusimama vya kutosha. Watu sita tukakaa tukiitazama finjani moja ikipoa mkononi mwa muuzaji, mpaka akaimwaga mchangani. Akamimina nyingine, nayo akabaki ameishika.

"Mtilie," Hajji akasema mwishowe. "Tutakufa kiu kwa ukaidi."

Sikusema ahsante mara moja. Nilikunywa kwanza. Ilikuwa chungu, ya moto, ikaniunguza ulimi, na thamosi haijapata kuniletea kahawa kama ile.

Finjani zilipozunguka, ndimi zikafunguka. Mmoja akasema tangu marehemu aondoke baraza limekosa hadithi. "Ile ya tumbili na meno!" akadakia mwenzake, na wote wakaanza kucheka kabla haijahadithiwa. Hajji akanisimulia kwa heshima, kama anayemsifu maiti mbele ya mjane wake: marehemu alipeleka sare hotelini, tumbili akanyakua meno ya bandia ambayo mgeni aliyaweka kwenye sahani, na marehemu akaupanda mkwaju na hamri mkononi, akabadilishana na mnyama, hamri kwa meno.

Nikaweka finjani chini. Tumbili yule namjua. Hamri lile nililipika mimi. Mkwaju ule niliupanda mimi, na aproni ya hoteli kiunoni, na nilipofika nyumbani nilimhadithia mume wangu akacheka mpaka akapaliwa.

"Na ile ya sufuria la wali kwenye harusi ya Tiwi?" nikauliza.

"Eh! Hapo ndipo alipokuwa bingwa."

Yangu pia. Ndiyo maana hakuweza kunipa nusu iliyobaki: angelazimika kuniambia ni nani aliyekuwa ndani yake. Nilimkasirikia pale pale, Mungu amrehemu, na pale pale nikatamani arudi, angalau nimgombeze.

"Marehemu," nikasema, "alikuwa akiogopa hata ngazi. Aliyeupanda mkwaju ni mimi."

Kicheko kikatokea nyuma ya ukuta, kisha mke wa muuzaji mwenyewe akaja na sahani yangu ya mbaazi, mikono imejaa unga.

"Mimi nilijua siku zote," akasema. "Marehemu alikuwa akisema hamri lilipasuliwa kwanza mvuke utoke, lisimwunguze tumbili. Fundi cherehani atayajua wapi hayo?"

Akanipa sahani, akageuka kurudi jikoni kwake, alikosikilizia hadithi zangu miaka yote ile.

"Ngoja," nikamwambia. Nikasogea karibu na Hajji, mwisho wa kulia ukabaki wazi. "Keti. Naihadithia upya, toka mwanzo."

Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameshamimina finjani ya duru ya pili, na mkono wake ulikuwa umeshaelekea kulia, kama ulivyozoea.

Akajifuta unga kwenye leso, akaketi.