Vidole Sita vya Mtoto wa Mikasi

Kiwandani alikoshona glavu za ngozi walimwita Mikasi, na sababu si kazi, ni ulimi. Msimamizi akimpandishia sauti, alimjibu papo hapo, cherehani ikiendelea kukimbia. Kwa hiyo alipojifungua binti mwenye vidole sita kila mkono, mama mkwe wake alijua ana kibarua kigumu.

"Ni hizo glavu," alisema, bado amesimama mlangoni mwa wodi. "Miezi tisa unatazama vidole tu. Kwetu hakuna kitu kama hiki."

"Mama, ningekuwa nashona soksi angezaliwa na miguu mitatu?"

Mkunga aliyekuwa akimfunika mtoto alicheka mpaka akajishika kiuno. "Glavu hazina hatia," alisema. "Hii imo kwenye jeni, yale maagizo ya mwili mtoto anayorithi kwa baba na mama. Yawezekana zamani, kwa mtu mmoja wa ukoo, agizo moja lilibadilika kidogo tu, likawa linarithishwa. Na mtu anaweza kulibeba lisionekane kwake."

"Ukoo upi?"

"Wowote kati ya hizi koo mbili."

"Si wetu!" mama mkwe alikata maneno. "Vifungwe uzi vianguke, kabla watu hawajaja kumwona."

"Hafungwi mtu uzi," Mikasi akasema. "Vina mfupa, na vinakunjika. Akikua akivichoka, ataamua mwenyewe."

Maneno hayana miguu lakini yakafika. Wifi mmoja alileta soksi za kumfunika mtoto mikono. Mikasi akamvalisha miguuni, akashukuru. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mpole kama maji ya mtungini, alimwambia wavute subira.

"Vuta wewe. Mimi nanyonyesha."

Wiki ya pili baba mkwe, fundi saa mstaafu, alikuja na mkewe. Alipompakata mjukuu, Mikasi, ambaye macho yake yalizoea kukagua mikono, aliona pembeni mwa kidole cha mwisho cha mzee kinundu cheupe kama punje ya mchele. Akatazama mkono wa pili. Kingine.

"Baba, hivi ni nini?"

Mzee akavitazama vinundu vyake. "Vilikuwa vidole vya sita. Mama yangu alivifunga uzi nikiwa mchanga. Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Uliniambia chunjua!" mkewe akang'aka. "Miaka arobaini, chunjua!"

"Na umewasikia wanavyonisema, ukanyamaza?" Mikasi aliuliza.

Mzee akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Lakini utawaambia wote, kwa mdomo wako. Vyako viliondolewa na bado vimekuja kwa mjukuu. Uzi hukata kidole, haukati ukoo."

Jumapili iliyofuata mzee aliwaambia, familia nzima imejaa sebuleni, mikono yake ameilaza mezani waione. Mama mkwe hakuomba radhi; si mtu wa radhi. Ila yule wifi wa soksi alipogusia habari za uzi, ni yeye aliyemwambia afunge mdomo.

Miaka mitatu baadaye akazaliwa mvulana, vidole vitano vitano. Mkunga alisema si ajabu: wazazi ni wale wale, lakini kila mimba karata huchanganywa upya.

Jirani alipokuja kumwona alishusha pumzi. "Afadhali huyu amekuja sawa."

"Sawa na nani?" Mikasi aliuliza.

Jirani akaanza kutafuta viatu vyake.

"Kaa, unijibu kwanza. Ninao wawili, na wote wamekuja sawa."