Nishani ya Nahodha wa Nyambizi

Kila mara ndege za mabomu zilipokuja mjini kwetu Kiel, Ujerumani, nahodha wa nyambizi aliyeishi ghorofa ya tatu ya jengo letu alishuka handakini na nishani yake shingoni, akatuamuru sote tuvue viatu. Baharini, alisema, adui hufuata sauti. Nilimwambia kwamba rubani huko angani hasikii viatu. Akanikazia macho, nikavua, maana kubishana na nishani ni hasara tupu. Usiku mmoja mtoto mchanga wa Wiebke, mama jirani yetu, akaangua kilio.

“Mtoe nje!” akanong'ona nahodha.

“Kwenye mabomu? Mnyamazishe wewe, shujaa!” akajibu Wiebke.

Nahodha akamwinamia mtoto kumkemea. Mtoto akaidaka nishani, akaitia mdomoni, akanyonya, kimya. Mabomu yakakoma, watu wakaanza kutoka. Nahodha bado kainama, utepe wa nishani umemkaza shingo.

“Thubutu kuvuta uone,” Wiebke akamnong'oneza. “Ndiyo kwanza anasinzia.”