Shangazi Niliyemzushia Kifo

Nimesukuma chapati mgahawani kwa Mama Zuhura hapa Katandala tangu dunia iumbwe. Nilipohitimu masomo ya jioni, nikaitwa kwenye usaili wa ukarani kule mpakani Kasesya. Nikashindwa kumwambia, maana yeye ndiye aliyeniruhusu kuondoka mapema nikasome. Nikaomba ruhusa kwa kudanganya kwamba nimefiwa na shangazi aliyenilea.

Asubuhi nafunga tai, vilio vikatikisa Ufipa nzima. Mama Zuhura na wapishi wake walikuwa mlangoni kwetu na unga wa msiba. Shangazi akatoka jikoni mbio, akalia nao.

"Jamani, kafa nani?"

"Shangazi aliyemlea huyu."

"Aliyemlea ni mimi!"

Macho yote yakanigeukia, yakatua kwenye tai.

"Shikamoo, marehemu," Mama Zuhura akamwambia shangazi. Kisha akanisogelea, machozi bado mashavuni. "Unatafuta kazi nyingine, siyo? Ungeniambia tu, mwanangu. Hebu simama vizuri, tai imepinda."