Samahani kwa Mkono wa Kushoto

Ushawahi kumwona mtu anaomba radhi huku majitu yanamkimbilia kumvunja mbavu?

Mimi nimemwona. Na radhi yenyewe alikuwa ananiomba mimi.

Naitwa Suhail, wa Micheweni. Jamaa ninayemzungumzia ni Talib wa Shumba Viamboni, ambaye leo analipwa mshahara Ulaya kwa kurusha mpira. Si huu mpira wetu wa miguu. Ni ule wa Kimarekani, uliochongoka huku na huku.

Kuna kocha Mmarekani alikuja Pemba, akafungua kambi pale Gombani. Klabu yake ya huko Ulaya ilimtuma kutafuta kwotabeki. Mmoja tu!

Kwotabeki ndiye mwenye timu. Mpira unaanzia mkononi mwake: ama aurushe mbali, ama amkabidhi mkimbiaji apasue katikati ya watu.

Mkimbiaji nilikuwa mimi.

Talib alikuwa saidia fundi. Kutwa anamrushia fundi matofali juu ya ukuta, na tofali linatua kiganjani kama limewekwa. Mkono ule ulikuwa balaa. Kocha alipouona, alishika kichwa.

Tatizo likawa adabu.

Talib kalelewa na bibi yake, Bi Mwanapili, na kwa Bi Mwanapili kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana. Sasa ikija mbinu ya kunikabidhi mpira upande wa kushoto, jamaa anazunguka mwili mzima ili anipe kwa kulia. Akizunguka tu, wapinzani washajua. Naugusa mpira nikiwa nishalala chini, majani mdomoni.

"Kushoto! Mpe kushoto!" kocha anafoka kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Siwezi, kocha. Huyu mwenzangu!"

Mshindani wake, Jabir wa Wete, alikuwa anatoa kwa mkono wowote, ungemwachia angetoa hata kwa mguu. Kocha akaanza kumpendelea Jabir. Talib akawa hatulii. Anatafuna kucha, anauzunguka uwanja, akikaa anainuka.

"Nikiikosa hii, Suhail, mie narudi kwenye matofali mpaka kaburini."

"Si useme samahani kama watu wote?" nikamwambia. "Samahani kwa mkono wa kushoto. Mie nakujibu bila samahani, yamekwisha."

Macho yakamtoka. Dawa imepatikana!

Ikafika mechi ya kuchagua mtu. Talib timu moja, Jabir timu ya pili. Bi Mwanapili kaja na buibui lake, kakaa mbele kabisa.

"Samahani kwa mkono wa kushoto!" Talib akapaza sauti.

"Bila samahani!" nikajibu, nikachomoka na mpira.

Watu walicheka mpaka basi. Tukafanya tena, na tena, nikawa sikamatiki. Mwisho beki wao, Seif, akashtuka. Akawaambia wenziwe wakisikia samahani tu, wote wanivamie mimi.

Tumebakiwa na nafasi ya mwisho, na tuko nyuma. Talib akaita mbinu ileile.

"Samahani kwa mkono wa kushoto!"

"Bila samahani!"

Nikakumbatia, nikachomoka. Kifuani hamna kitu.

Seif na wenziwe hawakujua. Mimi mwenyewe nimejua nikiwa hewani. Walinishukia wote, bega la kulia likalia ko! Nikiwa chini yao nikauona mpira unapita juu yetu, unazunguka vizuri, ukatua mikononi mwa Haitham, mdakaji wetu, kama tofali.

Talib alikuwa kamnong'oneza Haitham. Mimi hakuniambia.

Tukashinda. Kocha akamkumbatia Talib, na kila mtu akajua nani anakwenda Ulaya.

Bi Mwanapili akaja mpaka nilipolala. Tulidhani atagomba kwa ajili ya ule mkono.

"Mkono si neno," akamwambia mjukuu wake. "Lakini weye wamuomba mwenzio radhi, na kitu humpi?"

"Ni mchezo, bibi."

"Mchezo! Hebu mtazame."

Talib hakutazama.

Siku ya safari nilikwenda gatini Mkoani. Nilikuwa nimemkasirikia, sikufichi, lakini nilikwenda. Mkono wangu wa kulia umefungwa shingoni kwa kanga ya mama.

Akautoa mpira wa siku ile kwenye begi, akanipa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kupokelea.

"Samahani kwa mkono wa kushoto," nikamwambia.

Jibu lake linajulikana, hata mtoto mdogo analijua. Talib akafungua mdomo, halikutoka. Alilia mbele ya wachukuzi na abiria mpaka boti ikapiga honi.

Sasa yuko msimu wa pili, namwangalia kwenye simu. Kila akimkabidhi mtu kwa kushoto, midomo inamcheza, na mpira unakuwa umetoka kweli. Wapinzani washaijua alama hiyo. Kocha wake anamwambia aiache, au aitumie kuwadanganyia. Hataki, na siku nyingine inamgharimu mechi.

Ndugu yangu, adui mchezee hila zote unazozijua. Neno la adabu usilifanye chambo, maana mwenzio hulipokea bila kuangalia mkononi mna nini.