Kigingi cha Mwenzangu

Nilimwonea mwenzangu wivu tangu wiki ya kwanza ya masomo yetu ya uzamili, na sababu ya kwanza ilikuwa gambuti. Zake zilimtosha. Zangu nilizinunua haraka haraka sokoni Kitale, moja ikawa inavuja, na kila nikitoka kinamasini soksi ilitiririka maji kama kitambaa cha kudeki. Tulikuwa wasichana wawili tu tuliosomea ardhi oevu mwaka ule. Tulipanga chumba kimoja Kitale na kufanyia utafiti kinamasi kimoja upande wa Saboti. Ruba walinipenda mimi. Akina mama wakulima walimpenda yeye. Yeye alirudi na nduma mfukoni, mimi na salamu.

Hayo ningeyameza. Lakini msimamizi wetu alikuwa na nafasi moja tu ya udhamini wa uzamivu, na alishatuambia wazi kwamba mmoja wetu ataipata. Niliitaka mpaka nikawa naiota. Kwetu Bokoli nilishatangaza kwamba nitakuwa daktari, na shangazi mmoja alishaanza kunionyesha goti linalomuuma.

Kila mmoja wetu alikuwa na kigingi chenye alama za sentimita, kimepigiliwa kwenye tope. Asubuhi unasoma maji yamefika wapi, unaandika. Kazi ni hiyo, miezi na miezi. Kigingi kikihamishwa hata hatua chache namba zinaharibika, kwa sababu chini hakuko sawa kila mahali.

Asubuhi moja nilifika peke yangu, mwenzangu alikuwa amebaki Kitale kuchapisha karatasi zake. Nikamkuta mama mmoja akipanda nduma, na kigingi cha mwenzangu kiko katikati ya mstari wake.

“Hii kijiti ya rafiki yako inanikalia kwa nduma,” akaniambia. “Si nasongesha tu kidogo? Maji si ni ile ile.”

“Hakuna shida, mama,” nikasema.

Akaking’oa, akakichomeka kwenye mtaro aliouchimba, palipo na kina zaidi. Nilijua kabisa ninachofanya, na niliona raha.

Ilikuwa hatua mbili tatu tu, kwenye matete yanayofanana kila upande, kwa hiyo mwenzangu hakugundua. Namba zake zikapanda, akadhani kinamasi kinapona. Msimamizi akazisifu mbele yangu. Badala ya kupoa, wivu ukaniunguza zaidi: hata hila yangu ilimletea sifa!

Kisha mama yangu akalazwa hospitali ya Lugulu, nikaenda kukaa naye wiki nzima. Niliporudi Kitale mwenzangu alinimiminia chai, akanisogezea daftari langu. Namba za kigingi changu zilikuwemo, za kila siku, kwa mwandiko wake mzuri nilioukirihi.

“Juzi ng’ombe ililalisha kijiti yako,” akasema. “Nimerudisha kwa shimo yake ile ile. Lakini hiyo ya juzi usitumie, bana, haiko sawa.”

Niliweka kikombe mezani.

“Yako ilisongeshwa,” nikamwambia.

“Ati lini?”

Ningeweza kusema jana. Nilimtajia siku yenyewe, nikamwambia kwamba nilikuwepo na kwamba mimi ndiye niliyekubali.

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa hadi siku ile, akazikata kwa mstari namba zote zilizofuata. Halafu akauliza, “Mama anaendelea aje?”

Kwa msimamizi, mwenzangu alisema tu kwamba kigingi chake kilihamishwa. Jina langu hakulitaja.

Siku hizi anafundisha sekondari Bungoma, na nikisikia wanafunzi wanavyompenda, wivu unanirudia. Nafasi ile niliipata mimi. Msimamizi alisema namba zangu ndizo zilizokuwa kamili, na kweli, ukiondoa ile ya ng’ombe, zilikuwa kamili, hata za wiki ile ya Lugulu.