Sabuni ya Bakuli

Mwaka 1943 ilitangazwa, kwa muhuri na sahihi, kwamba katika Nyumba ya Maofisa, Arusha, sabuni ni mche mgumu unaosimama wenyewe mezani. Kinachomiminika ni maji, na mfuaji atakayekutwa nacho atahesabiwa kuwa ameiba mche, naye ataachishwa kazi.

Tangazo lilibandikwa katika chumba cha kufulia, ambako msomaji alikuwa mmoja tu: Elinaza, mama Ndeshi. Wafuaji wanaume walikuwa wamekwenda vitani, na mumewe pamoja nao. Barua yake ya mwisho ilikuwa na mwaka na nusu. Ndeshi alikuwa kwa bibi yake, kijijini Kikatiti.

Kazi ya Elinaza ilikuwa masweta. Sweta likisuguliwa kwa mche hurudi likimtosha mtoto wa mwenyewe. Basi yeye aliukwangua mche, akauyeyusha kwa maji ya moto, akauacha bakulini. Baridi ya Meru ilimalizia: asubuhi sabuni imeganda kama mtindi. Wenye kemia wangemweleza kuwa chembe za sabuni, ndogo zisizoonekana, maji yakipoa hushikana zenyewe zikawa nyuzi, nyuzi zikawa wavu, maji yakanaswa humo. Zikipashwa moto huachana. Zikipoa hutafutana tena. Elinaza aliyajua hayo kwa kidole, na hapo pa kutafutana palimfurahisha kuliko alivyopenda kukiri.

"Mama Ndeshi, leo tunakunywa uji?" aliuliza Dismasi, karani wa stoo, alipoliona bakuli.

"Kunywa, baba. Utatoa povu mpaka Jumapili kanisani."

Dismasi alicheka sana, kisha akaenda kuripoti kwa mkaguzi wa Nyumba.

Mkaguzi alipofika saa nne, bakuli lilikuwa limetoka motoni, tayari kwa kazi. Akaliinamisha. Sabuni ikatiririka.

"Maji," alisema.

"Bwana, ngoja ipoe. Itasimama."

"Lini?"

"Saa nane, bwana."

Saa nane mkaguzi hulala. Aliandika kwamba mwanamke huyu kazi yake itakoma mwisho wa mwezi, akaenda zake.

Saa nane sabuni iliganda. Elinaza alilipindua bakuli juu chini. Halikudondoka hata tone. Alilishika hivyo kwa muda, akiuonyesha ukuta, kisha akaliweka chini.

Jumatatu kapu la nguo lilileta sweta la kijivu la mkaguzi. Kolani kulikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa pini, mwandiko uleule uliomwachisha kazi: "Lisifuliwe kwa mche."